Mwongozo wa upasuaji upimwe pale unapotumika

Juma hili tuzungumzie maandishi ambayo wengi wetu hatujapata kuyaona, ingawa uhai wetu huweza kuyategemea. Ni mwongozo wa upasuaji, yaani maelekezo yanayomwambia daktari na muuguzi nini kifanyike kabla ya kisu kugusa ngozi, wakati wa kazi yenyewe, na baada ya kushona.

Kwa mkazi wa Ngara au Biharamulo, hili si jambo la wasomi peke yao. Mama aliyekwama kujifungua usiku hukimbizwa Murgwanza, Rulenge, au hospitali ya Biharamulo. Hospitali kubwa za rufaa zipo, Chato na Bugando kule Mwanza, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa adha ya kungoja kivuko. Lakini kutoka vijiji vya Ngara safari bado ni ndefu, na mama huyo hawezi kungoja. Atapasuliwa hapa hapa, na aghalabu atakayempasua si daktari bingwa. Mabingwa wanapokuwa wachache, mwongozo mzuri unahitajika zaidi.

Sasa, mwongozo mzuri ni upi? Zamani wakubwa wa kazi walikaa mezani, wakaandika walivyozoea. Kwa mazoea hayo wagonjwa wengi walinyolewa kwa wembe kabla ya upasuaji, ikidhaniwa kuwa ndio usafi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wembe huacha mikato midogo ambamo vijidudu huingia. Hivyo mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kuwa nywele ziachwe, au zikilazimika kuondolewa zipunguzwe kwa mashine, wembe usitumike kabisa. Aidha, dawa ya kuzuia vijidudu, pale inapohitajika, itolewe katika saa mbili kabla ya kupasua, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga tu.

Hata hivyo, mwongozo huo huo ulipendekeza ngozi isafishwe kwa klorheksidini iliyochanganywa na spiriti badala ya iodini ya kawaida. Je, ushauri huo ulifaa kwa hospitali zenye uwezo mdogo? Watafiti walipima jambo hilo katika nchi saba, Rwanda ikiwa mojawapo, kwa wagonjwa zaidi ya 5,700. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: vidonda vilivyopata usaha havikupungua kwa kutumia klorheksidini. Hospitali iliyojibana ili kuinunua ingekuwa imetoa fedha bila faida hiyo.

Mwaka uliofuata likaja jibu la pili kutoka nchi hizo hizo. Katika upasuaji wa tumbo, wahudumu walibadilisha glovu na vyombo kabla ya kushona. Waliopata usaha walipungua kutoka karibu 19 katika kila wagonjwa 100 hadi 16. Tendo ni dogo, ila linadai seti ya pili ya vyombo vilivyotakaswa vyema. Na Rwanda, wasikilizaji, ni ng'ambo tu ya daraja la Rusumo.

Hapa nyumbani pia tumewahi kuifundisha dunia. Hospitali ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya maswali 19 ya usalama wa upasuaji: Mgonjwa ni huyu? Mahali pa kupasua ni hapa? Vyombo na pamba vimehesabiwa? Matokeo yalipotolewa mwaka 2009, kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka 15 katika kila wagonjwa 1,000 hadi 8.

Basi tunajifunza nini? Kwanza, mwongozo useme wazi kila agizo limetokana na uchunguzi gani, na uliofanyika wapi. Pili, wanaoutumia usiku wa manane, waganga na wauguzi wa wilaya, washiriki kuuandika. Tatu, uwe na tarehe ya kupitiwa upya, maana ukweli wa 2016 ulihitaji kusahihishwa mwaka 2021. Nne, waandishi watangaze kama wana maslahi na wauza dawa.

Nasi wilayani tuna wajibu. Kila hospitali iweke daftari la vidonda vya upasuaji vilivyopata usaha, na daftari hilo lisomwe kila mwezi na uongozi, bila kutafuta mchawi. Mwongozo wa Matibabu wa Taifa wa mwaka 2021 ni msingi mzuri, lakini bila hesabu kutoka Murgwanza na Biharamulo, watakaoandika toleo lijalo watatushonea kanzu kwa kipimo cha mtu mwingine.