Sumu ya nge na askari wa damu

Siku hizi wengi wasikia kwamba sumu ya nyama wabaya yaweza kuponya kansere. Yafaa tuichungue habari hiyo, kwani mgonjwa aliyeisikia nusu aweza kupotea. Tutwae mfano mmoja tu, ule wa nge.

Katika majangwa ya Afrika ya Kaskazini na ya nchi za Waarabu yuko nge wa manjano ambaye sumu yake yaweza hata kuua mtoto. Lakini sumu hiyo si kitu kimoja, bali mchanganyiko wa vitu vingi. Mwaka 1993 wataalamu walitangaza kimoja, wakakiita klorotoksini. Ni proteini ndogo, yenye viungo 36 tu. Baadaye lilionekana jambo la ajabu: klorotoksini hushikamana na chembe za kansere ya ubongo, lakini chembe nzima za ubongo huziacha. Mwaka 2006 waganga wa Marekani walieleza kwamba wagonjwa 18 walipewa klorotoksini iliyotengenezwa na watu, ikibeba iodini yenye miali, na miili yao iliivumilia.

Tuje sasa kwa askari. Katika damu yetu mna chembe nyeupe zinazolinda mwili. Zile ziitwazo T huua chembe zilizoharibika. Mbona basi kansere inaziponyoka? Sababu kansere si mgeni: imezaliwa na mwili wenyewe. Askari, hata akiwa hodari, asipomjua adui hupita karibu naye bila kumgusa.

Katika hospitali ya City of Hope, huko California, wataalamu waliunganisha mambo hayo mawili. Hutwaa damu ya mgonjwa, hutenga chembe T, hutia ndani yake agizo jipya la urithi, hata chembe yenyewe ikavaa klorotoksini kwa nje. Kiisha huzizidisha na kuzirudisha penye uvimbe. Klorotoksini yashika, chembe T yaua. Mwaka 2020 walitangaza kwamba katika panya uvimbe ulipungua. Mwaka ule ule wakaanza kujaribu kwa watu. Jaribio la kwanza la namna hiyo lauliza mbele ya yote: hatari ni gani, na kipimo gani chafaa? Swali la kupona lafuata nyuma.

Basi tushike vizuri maana yake. Hapa sumu haiui kansere. Yaonyesha njia tu. Anayeua ni askari wa mgonjwa mwenyewe, aliyefundishwa kumtambua adui. Kwa hiyo kujiumisha na nge au kunywa sumu yake si dawa hii hata kidogo: sumu nzima ina vitu vingine vinavyodhuru mishipa ya fahamu na moyo, tena haifundishi askari hata mmoja.

Sisi tunaowatembelea wagonjwa tutaulizwa. Tujibu wazi: habari ni ya kweli, lakini dawa ingali katika majaribio. Mtu asiache matibabu ya hospitali kwa ajili yake.