Nikeli na Masizi Yake

Haidrojeni nyingi ya viwandani hutokana na gesi asilia. Methani huchanganywa na mvuke, ikapitishwa juu ya vidonge vya nikeli kwenye nyuzijoto 800 hadi 900, na kila kilo ya haidrojeni huacha takribani kilo 9 za hewa ukaa.

Mimi mwalimu wa kemia naipenda zaidi njia nyingine: kuipasua methani kwa joto na nikeli, bila mvuke. Hapo kaboni hutoka ikiwa yabisi, unaweza kuishika. Kwenye hadubini ya elektroni utaona nyuzi nyembamba mno, na nchani mwa uzi chembe ya nikeli imebebwa mfano wa ua juu ya kikonyo. Inapendeza kweli! Lakini masizi hayo hayo ya kaboni hukifunika kichocheo, yaani nikeli, mpaka kikashindwa kazi, na ukiyachoma ili kukisafisha, hewa ukaa inarudi palepale.

Mwaka 2017 watafiti wa Santa Barbara, California, walipitisha viputo vya methani ndani ya nikeli na bismuthi zilizoyeyushwa, kwenye nyuzi 1065. Asilimia 95 ya methani ilipasuka. Kaboni ikaelea juu, tayari kuondolewa. Gesi yetu ya Songo Songo hapa Tanzania karibu yote ni methani, kwa hiyo utafiti huu natamani ufanyike Dar es Salaam pia.