Hadithi za ajabu nazo zina ukweli wake

Imezoeleka kudaiwa, hasa na wanafunzi wanaoijaribu kalamu kwa mara ya kwanza, kwamba mtungaji wa hadithi za ajabu hafungwi na jambo lolote. Akitaka mti useme, utasema; akitaka mfu ainuke, atainuka. Madai hayo yana uzito pale mtungaji anapojibunia ulimwengu wake tangu msingi hadi paa. Lakini anapochota katika mapokeo ya watu walio hai, wenye maandiko, sheria na kalenda yao, hali hubadilika. Mfano bora ni mapokeo ya Kiyahudi, ambayo waandishi wa fantasia wa Ulaya na Marekani wameyachota sana, na mara nyingi kwa pupa.

Tumchukue golemu, lile jitu la udongo linalofahamika hata kwa watazamaji wa filamu. Neno lenyewe limetokea mara moja tu katika Biblia ya Kiebrania, katika Zaburi ya 139, likiwa na maana ya kitu ambacho bado hakijakamilika kuumbwa. Katika Talmudi mna kisa kifupi mno: mwanachuoni Rava aliumba mtu, akamtuma kwa Rabi Zeira. Rabi Zeira akamsemesha, asijibiwe. Papo hapo akamtambua, akamwamuru arudi mavumbini kwake. Hakuna vita wala radi. Kinachomtenga kiumbe huyo na binadamu ni kukosa usemi, jambo linalotufurahisha sana sisi wanaisimu. Mwandishi anaweza kumpa golemu wake sauti, kama alivyofanya Helene Wecker katika riwaya yake ya mwaka 2013, ambamo golemu wa kike anakutana na jini mjini New York. Yeye alijua anavunja nini, na riwaya nzima inahangaika na swali la iwapo kiumbe huyo anaweza kuishi kama mtu. Asiyejua huvunja tu, kisha akashangaa kwa nini hadithi yake haina mashiko.

Baadaye masimulizi yaliongeza kwamba golemu huandikwa katika paji la uso neno emet, yaani ukweli. Ukifuta herufi ya kwanza, alef, hubaki met, yaani mfu, na jitu likaporomoka. Ajabu hiyo imo katika lugha yenyewe. Mtafsiri wa Kiswahili hapa ana kazi: futa herufi ya kwanza ya neno “ukweli” nawe utabaki na “kweli”, na golemu ataendelea kukukodolea macho! Hata hivyo, hatuko mbali kama tunavyodhani. Kupitia Kiarabu, ambacho ni ndugu wa Kiebrania, tulipata maneno maiti na mauti yenye asili moja na met. Na maneno imani, amini na amana yana undugu na emet. Mwalimu mwerevu anaweza kulijenga somo zima juu ya ukoo huo.

Simulizi mashuhuri zaidi ni la Rabi Judah Loew wa Prague, aliyefariki mwaka 1609. Inasimuliwa kwamba golemu wake alipata uhai kwa karatasi yenye Jina la Mungu iliyotiwa kinywani, nayo iliondolewa kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia. Siku moja rabi akasahau, jitu likachachamaa. Mwandishi asiyejua kwamba Sabato huanza Ijumaa jua linapotua, si Jumamosi alfajiri, hawezi kukisimulia kisa hiki, kwa kuwa shaka yote imo katika zile dakika za machweo. (Waadventista wa kwetu hawahitaji kuelezwa hilo.) Tena kuandika na kufuta ni miongoni mwa aina 39 za kazi zilizokatazwa siku hiyo. Je, rabi aifute ile alef na jua limekwisha kuzama? Sheria hiyohiyo inasema kwamba kuokoa uhai kunashinda Sabato. Basi sharti afute. Mtungaji aliyejifunza hayo amepata bure mgogoro ambao asingeubuni kwa mwezi mzima.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza: kwani Wayahudi wenyewe hawakubuni? Walibuni, tena sana. Kisa cha Prague hakikuhusishwa na Rabi Loew katika vitabu hadi karne ya 19. Mwaka 1909 rabi mmoja wa Poland, Yudl Rosenberg, alitoa kitabu alichodai kuwa kimenakiliwa kutoka hati ya kale, kumbe alikitunga mwenyewe. Simlaumu. Kazi aliyompa golemu wake ilikuwa kuwalinda Wayahudi dhidi ya singizio la damu, na singizio hilo halikuwa la kale tu.

Mwaka 1144 mtoto alikutwa ameuawa karibu na Norwich, Uingereza, na mtawa mmoja akaandika kwamba Wayahudi ndio waliomtoa kafara. Hadithi hiyo iliongezewa chumvi karne baada ya karne, hadi ikadaiwa kwamba damu ya watoto wa Kikristo hutiwa katika mkate wa Pasaka. Watu wengi waliuawa kwa ajili yake. Huko Kiev, Mendel Beilis alikamatwa mwaka 1911, miaka miwili tu baada ya kitabu cha Rosenberg, akakaa gerezani zaidi ya miaka miwili hadi mahakama ilipomwachilia mwaka 1913. Ilhali Torati inakataza damu ya aina yoyote kuliwa: nyama hulowekwa na kutiwa chumvi ili damu itoke, na yai likionekana lina tone la damu hutupwa. Hiyo nayo ilikuwa hadithi ya ajabu kuhusu mila za Kiyahudi, iliyotungwa na watu ambao hawakujali kuuliza jirani zao hula nini. Kwa sababu hiyo siwezi kukubali kwamba kukosea hapa ni kosa dogo la kisanaa, kama kusahau rangi ya farasi.

Na sisi hatujasalimika. Nchini Kenya mkopeshaji wa riba ya kuumiza huitwa shailoki, na wengi wanaolitamka neno hilo hawakumbuki kwamba ni jina la Myahudi wa Shakespeare, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Sifikirii kwamba tutalifuta neno hilo mitaani. Lakini mwanafunzi anayetaka kumwingiza mkopeshaji wa Kiyahudi katika hadithi yake asome kwanza Spinning Silver ya Naomi Novik, iliyotoka mwaka 2018. Humo, Miryem anaishika kazi ya baba yake kwa sababu mzee huyo ni mpole mno kudai madeni, nao wanalala njaa huku wanakijiji wakistarehe kwa fedha zao. Msichana huyo anapochukuliwa hadi ufalme wa barafu, ambako siku hazihesabiwi kama za kwao, bado anahangaika kujua Sabato itaingia lini.