Stanislaus: Jina la Wapolandi Lililotakaswa kwa Damu ya Shahidi

Katika vitabu vya ubatizo vya parokia zetu limo jina ambalo wengi tumelizoea bila kujiuliza lilikotoka: Stanislaus, ambalo waamini wengine huliandika Stanslaus. Tunalihesabu kuwa jina la Kikristo, na ni kweli. Hata hivyo, jina hili halimo katika Maandiko Matakatifu. Halikutoka kwa Waebrania, wala kwa Wagiriki, wala kwa Warumi. Lilikuwa jina la nyumbani la Waslavi, watu wa Ulaya ya kati na ya mashariki, na majina ya namna hiyo waliyatumia tangu kabla hawajaisikia Injili. Namna lilivyopata kuwa jina la somo wa wabatizwa duniani kote ni habari yenye mafundisho kwa kila mzazi anayejiandaa kumleta mtoto wake kwenye kisima cha Ubatizo.

Maana ya jina

Kwa Kipolandi jina hili huandikwa Stanisław. Herufi ł hutamkwa kama "w" yetu, na herufi ya mwisho husikika kama "f". Hivyo Wapolandi wenyewe husema "Stanyiswaf", wakiweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama tufanyavyo sisi katika Kiswahili. Mtoto mwenye jina hili nyumbani huitwa Staś au Staszek. Kanisa liliandika Stanislaus kwa Kilatini, na ni kwa sura hiyo ya Kilatini, kupitia kalenda ya watakatifu, jina likatufikia sisi.

Jina limeundwa kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza yatokana na kitenzi cha kale cha Kislavi chenye maana ya kusimama au kuwa. Sehemu ya pili, sław, ni sifa, utukufu, heshima ya mtu mwenye jina jema. Hivyo jina hufafanuliwa kwa njia mbili zinazokaribiana: "asimamaye katika utukufu", au kama dua ya mzazi, "na awe mtu wa sifa". Lina ndugu wengi: Władysław ni mwenye kutawala kwa utukufu, na Bolesław ni mwenye utukufu mkubwa zaidi. Waslavi, kama makabila yetu mengi, hawakumpa mtoto jina ili tu apate kutofautishwa na wenzake. Walimnenea neno la kumwombea maisha mema.

Msomaji ayashike mawili kati ya majina hayo, Stanisław na Bolesław, maana yatakutana mbele katika habari hii.

Jina lililobaki baada ya Ubatizo

Mwaka 966 mtawala Mieszko wa Kwanza alibatizwa, na mwaka huo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Ukristo wa taifa la Polandi. Mtu angetazamia kwamba majina ya kale yangetupwa mara moja pamoja na miungu ya kale. Haikuwa hivyo. Mwana wa Mieszko, aliyezaliwa muda mfupi baada ya ubatizo huo, aliitwa Bolesław, naye ndiye aliyevikwa taji la ufalme mwaka 1025. Katika karne zile za kwanza Wapolandi waliiacha ibada ya sanamu bila kuiacha lugha waliyozaliwa nayo, na watoto wao waliobatizwa waliendelea kuitwa kwa majina ya babu zao.

Mmoja wa watoto hao alizaliwa karibu na mwaka 1030 katika kijiji cha Szczepanów. Aliitwa Stanisław. Wakati huo hapakuwa na mtakatifu yeyote wa Kanisa zima aliyejulikana kwa jina hilo. Mtoto huyu hakupewa somo wa kumfuata. Jina lake lilikuwa dua tupu ya wazazi, na ilikuwa juu yake kuona dua hiyo ingetimizwaje.

Askofu na mfalme

Stanisław akawa padri, na mwaka 1072 akawa Askofu wa Krakow. Aliyetawala wakati huo ni Bolesław wa Pili, mtu hodari wa vita, aliyevikwa taji mwaka 1076. Kati ya askofu na mfalme ulizuka mgogoro mkubwa. Mapokeo ya Kanisa yanasimulia kwamba askofu alimkemea mfalme kwa ukatili wake kwa raia na kwa mwenendo wake mbaya, na hatimaye akamtenga na Kanisa. Tarehe 11 Aprili 1079 Askofu Stanisław aliuawa. Mapokeo hayo yanasema mfalme alimshambulia kwa mkono wake mwenyewe, askofu akiwa anaadhimisha Misa Takatifu katika kanisa la Skałka, na kwamba mwili wake ulikatwakatwa.

Ni haki kusema pia kwamba maandishi ya kale hayaelezi jambo hili kwa sauti moja. Mwandishi wa kwanza, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 12 na anayejulikana kwa jina la Gallus, anaandika kwa ufupi na kwa tahadhari: anamwita askofu msaliti, asimtetee, lakini hamsifu mfalme aliyejilipiza kisasi kwa namna ya aibu. Habari kamili ya kifo cha altareni twaipata kwa Mwenye heri Wincenty Kadłubek, ambaye naye alikuwa Askofu wa Krakow mwanzoni mwa karne ya 13. Wanahistoria wanaendelea kujadili mgogoro huo ulikuwa na sura gani za kisiasa. Lisilojadiliwa ni mwisho wake: askofu aliuawa kwa amri au kwa mkono wa mfalme wake, na mfalme huyo alipoteza ufalme mwaka uo huo, akakimbilia Hungaria, akafia ugenini.

Hapa ndipo majina yale mawili yanapokutana. Mmoja aliitwa "mwenye utukufu mkubwa zaidi", akautafuta utukufu huo kwa upanga, ukamponyoka. Mwingine aliitwa "asimamaye katika utukufu", akaanguka chini ya upanga, na jina lake likasimama. Papa Inosenti wa Nne alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1253 katika mji wa Assisi. Masalia yake yamo katika Kanisa Kuu la Wawel huko Krakow, na Wapolandi humheshimu kama msimamizi wa taifa lao. Kwa kuwa mwili wake ulikatwa vipande, na mapokeo husema uliungana tena, watu wa Polandi iliyogawanyika katika tawala ndogondogo waliona katika habari hiyo tumaini kwamba nchi yao nayo ingeunganishwa.

Kanisa zima humkumbuka tarehe 11 Aprili. Nchini Polandi huadhimishwa tarehe 8 Mei. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, ambaye kabla ya kuchaguliwa kuwa Papa alikuwa Askofu Mkuu wa Krakow, yaani alikalia kiti cha shahidi huyo, alitunga mwaka 1978 shairi lenye jina "Stanisław". Mwaka uliofuata, Juni 1979, akiwa tayari Papa, alifanya hija ya kitume katika nchi yake, mwaka ule ule ambao Kanisa la Polandi liliadhimisha miaka 900 ya kifo cha Askofu Stanisław.

Waliolipokea jina na kulitendea kazi

Tangu kifo cha shahidi huyo, mzazi aliyemwita mtoto wake Stanisław hakusema tena "na awe mtu wa sifa" tu, bali alisema "na awe kama yule". Mtakatifu Stanislaus Kostka alizaliwa mwaka 1550 katika familia ya wakuu. Akiwa mwanafunzi huko Vienna alitamani kujiunga na Shirika la Yesu, wala familia yake haikutaka kusikia habari hiyo. Kaka yake alimtesa kwa maneno na kwa mapigo. Mwaka 1567 kijana huyo aliondoka kwa siri akatembea kwa miguu hadi Ujerumani, ambako alipokelewa na Mtakatifu Petro Kanisio, kisha akaendelea hadi Roma. Huko akaanza unovisi, akafariki tarehe 15 Agosti 1568 akiwa na umri wa miaka 17. Papa Benedikto wa 13 alimtangaza mtakatifu mwaka 1726. Jina lake lilisema utukufu, na shirika alilolichagua lilikuwa na wito wa kufanya yote kwa utukufu mkuu zaidi wa Mungu. Utukufu aliotaka wa ukoo wake aliuacha nyuma mlangoni.

Jina hili lina pia sura ya kike, Stanisława. Kati ya waliolichukua ni Mtumishi wa Mungu Stanisława Leszczyńska, mkunga wa mji wa Łódź, aliyefungwa katika kambi ya mateso ya Auschwitz mwaka 1943. Aliamriwa kuwaua watoto wachanga, akakataa. Katika taarifa aliyoiandika baadaye alieleza kwamba alizalisha watoto zaidi ya 3,000 kambini. Wengi wa watoto hao walikufa kwa njaa, baridi na ukatili, lakini yeye aliwapokea wote kama binadamu, na wengi aliwabatiza. Mahali ambapo binadamu alipewa namba badala ya jina, mkunga huyu aliendelea kuwapa wachanga Ubatizo na majina.

Hata Mtakatifu Faustina, mtume wa Huruma ya Mungu ambaye sala zake husaliwa katika jumuiya zetu, alilelewa chini ya jina hili: baba yake, mkulima na seremala, aliitwa Stanisław Kowalski.

Kanisa lafundisha nini kuhusu jina la Ubatizo

Baada ya Mtaguso wa Trento, Kanisa lilihimiza wabatizwa wapewe majina ya watakatifu. Ndipo nchini Polandi majina mengi ya kale ya Kislavi yalipoanza kuachwa. Yaliyobaki na nguvu ni yale yaliyokuwa na mtakatifu wake: Stanisław, Wojciech, Kazimierz. Hapa twaona jambo muhimu. Jina halikuokolewa na sauti yake, wala na nchi lilikotoka. Liliokolewa na mtu mmoja aliyelichukua akalijaza Injili.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, yawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo kinyume cha hisia za Kikristo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2156, yaeleza kwamba jina laweza kuwa la mtakatifu, anayempa mbatizwa mfano wa kufuata na maombezi, au laweza kutaja fumbo au fadhila ya Kikristo. Kwa hiyo jina la kwetu lenye maana njema, kama la Neema, Tumaini au Shukrani kwa lugha yoyote ya mababu, halifukuzwi kisimani. Jina linalotukana, linalomlaani mtoto au linalomweka chini ya mizimu, hilo halifai, hata likiwa tamu masikioni.

Wako wazazi wanaodhani jina haliwi takatifu mpaka liwe la kigeni, na wako wanaochagua jina kwa sababu walilisikia katika filamu. Wote wawili wamesahau swali la msingi: mtoto huyu ataishi kwa kumtazama nani? Wapolandi wa karne ya 11 hawakuwa na Stanislaus mtakatifu; walimpata kwa sababu mtoto wao mmoja aliishi Ubatizo wake mpaka kumwaga damu. Sisi nasi tumeyaona hayo kwa jirani zetu. Kizito ni jina la Kiganda. Lilipata kuwa jina la somo mwaka 1886 huko Namugongo, pale kijana mdogo, aliyebatizwa na Karoli Lwanga siku chache tu kabla, alipochomwa moto kwa ajili ya Kristo. Leo watoto wanabatizwa kwa jina la Kizito mbali kabisa na Buganda, kama vile wanavyobatizwa kwa jina la Stanislaus mbali kabisa na Krakow.

La kufanya

Nabii Isaya (43:1) atukumbusha kwamba Mungu amemwita kila mmoja wetu kwa jina lake. Basi kila mwenye jina la Stanislaus na aiadhimishe sikukuu ya somo wake tarehe 11 Aprili, ikiwezekana kwa Misa na Ekaristi Takatifu, na amwombe ujasiri wa kusema kweli mbele ya wenye nguvu. Iwapo tarehe hiyo itaangukia siku kuu za Juma Takatifu au za Pasaka, bado yeye binafsi aweza kumkumbuka somo wake kwa sala. Wazazi wanaotarajia mtoto wakae pamoja mapema, wasisubiri swali la paroko siku ya Ubatizo, wasome maisha ya mtakatifu wanayetaka awe somo wa mtoto wao, na waandae namna ya kumsimulia mtoto akikua. Wale wanaochagua jina la ukoo wajue maana yake, wamfundishe mtoto maana hiyo katika mwanga wa Kristo, na wamwombee aliishi vema. Huenda siku moja, katika nchi tusiyoijua, mtoto wa watu wengine akaletwa kisimani kwa jina hilo.

Mtakatifu Stanislaus, Askofu na Shahidi, utuombee.