Saa Inayojua Kwamba Kasulu Iko Juu

Je, wajua kwa nini pakiti ya krispi iliyofungwa Dar es Salaam hufika Kasulu imevimba kama ngoma? Hakuna aliyeipuliza njiani. Hewa iliyomo ni ile ile ya pwani. Kilichopungua ni hewa ya nje inayoikandamiza. Kwa mwenye duka ni jambo la kuchekesha. Kwa kijana wa Murubona aliyerudi kutoka Zanzibar na cheti chake cha kwanza cha uzamiaji ni onyo, kwa sababu siku atakayozamia Ziwa Tanganyika mchana na kupanda basi la kurudi nyumbani jioni, pakiti itakuwa ni yeye.

Mzamiaji mpya akipata fedha kidogo hukimbilia mapezi, hasa ya rangi kali. Simlaumu, mapezi yanapendeza kwenye picha. Lakini kwa mtu anayeishi kwenye nyanda za juu za Kigoma, kifaa cha kufikiria mapema kuliko vingine ni kidogo, hakina rangi ya kujivunia, na huvaliwa mkononi: kompyuta ya kuzamia.

Tuanze na hesabu. Kwenye usawa wa bahari hewa hutukandamiza kwa takriban baa 1 (si ile ya bia). Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 773 juu ya bahari, na hapo mgandamizo umeshuka hadi karibu 0.92. Panda kupitia Kidahwe hadi kwenye kimo cha mita 1,300 hivi, ambako ndiko kwenye vilima vya Kasulu, unabaki na 0.87. Kibondo ni juu zaidi na hewa ni nyepesi zaidi. Ndani ya maji mambo hugeuka: kila mita 10 za kina huongeza karibu baa nzima. Mwenye cheti cha kwanza huruhusiwa kufika mita 18. Akifika hapo katika ziwa hili, mgandamizo unaomzunguka ni karibu mara tatu ya ule aliouacha juani, na naitrojeni ya hewa anayoivuta kutoka kwenye mtungi huanza kupenya kwenye damu, mafuta na maungio yake.

Naitrojeni hiyo haina ubaya ikitoka polepole. Ubaya ni haraka. Soda ya moto iliyotikiswa na basi tangu Makere, ukiifungua kwa pupa, unaijua inavyofanya. Mwilini naitrojeni nayo hutoka kwa viputo, navyo huziba mishipa midogo, huuma magotini na mabegani, na vikifika kwenye uti wa mgongo vinaweza kumpoozesha mtu. Tiba yake ni chumba maalumu cha kumrudisha mgonjwa kwenye mgandamizo mkubwa kisha kumshusha taratibu, na chumba cha namna hiyo hukikuti kando ya barabara ya Kibondo.

Wa kwanza kuliwekea jambo hili hesabu nzuri alikuwa John Scott Haldane, mwanasayansi wa Uingereza, ambaye mwaka 1908 yeye na wenzake walichapisha majedwali ya kuibuka kwa usalama. Majaribio waliyafanya kwa mbuzi. Waliwaingiza kwenye chumba cha chuma, wakaongeza mgandamizo, wakaupunguza, kisha wakatazama nani anachechemea. Mfugaji wa Kiha angewaambia mengi kuhusu mbuzi anayechechemea, lakini wazo la Haldane ndilo lililodumu: mwili si kitu kimoja. Kuna sehemu zinazojaa na kumwaga naitrojeni kwa dakika chache, na kuna nyingine zinazochukua saa nyingi. Ni kama sufuria ya maharage ya misimu tofauti. Mapya yameiva, ya mwaka juzi bado yanagonga, na mpishi mwenye akili hupakua kwa kusubiri yale magumu.

Aliyelipeleka wazo hilo milimani ni Albert Bühlmann, daktari wa Zürich nchini Uswisi. Waswisi hawana bahari. Wana maziwa ya juu, kama sisi. Bühlmann aliona kwamba majedwali ya wanamaji hayamfai mtu anayezamia mlimani, akatengeneza ya kwake, na hesabu zake zikajaribiwa hadi Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya bahari. Majedwali yake ya mwaka 1986 yalikuwa na sehemu mbili: moja ya maziwa yaliyo kati ya mita 0 na 700, nyingine kuanzia 701 hadi 2,500. Itazame tena ile 773. Kigoma imevuka mstari kwa mita sabini na kitu tu, lakini imevuka. Aliyejifunza Nungwi kule Zanzibar akaja ufukweni Kigoma na jedwali lake la bahari amebeba ramani ya mji mwingine.

Kompyuta za kwanza zilizouzwa kwa wazamiaji wa kawaida zilitoka mwaka 1983, nene kama tofali. Leo ni saa. Ndani mna kipande chembamba cha silikoni. Kikikandamizwa, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na kutokana na badiliko hilo saa hujua uko kina gani. Kila baada ya sekunde chache hupiga hesabu ya sehemu za mwili wa kubuni, mara nyingi 16, ya kwanza ikijaa nusu kwa dakika 4 na ya mwisho kwa dakika 635, kisha hukwambia umebakiwa na dakika ngapi kabla ya kulazimika kupanda. Damu yako haipimi, wala haijui kama umelala au hukunywa maji tangu asubuhi. Inakisia tu, kwa uangalifu zaidi kuliko unavyoweza wewe ukiwa chini ya maji.

Kwa hiyo dukani usiulize kwanza bei. Uliza kama inajirekebisha yenyewe kulingana na kimo au inataka uiwekee kwa mkono. Uliza kama ina chaguo la maji ya ziwa na maji ya chumvi. Mita 18 za Tanganyika, ukizitafsiri kwa lugha ya jedwali la bahari, huhesabiwa kama 19 na ushee. Kipimo cha kina cha mshale kilichorekebishwa kwa bahari nacho kitakudanganya: kitasoma pungufu karibu mita nzima, kwa sababu hewa ya hapa ilikuwa nyepesi tangu juu. Uliza pia kuhusu betri. Mafundi saa wetu ni hodari, lakini kile kipete cha mpira chini ya kifuniko kikikwaruzwa na ncha ya kisu, saa itakunywa ziwa.

Mengine nitayapita upesi. Miwani nunua ya kwako, na uijaribu bila mkanda: ibandike usoni, vuta hewa kwa pua, iachie, ikishika, ni saizi yako. Suti ya milimita 3 inatosha kwa maji ya nyuzi 25 hivi. Risasi za kiunoni punguza kama kilo mbili kutoka ulizozoea Zanzibar, maana maji yasiyo na chumvi hukuinua kidogo kuliko ya bahari. Kidhibiti hewa cha mitumba usikiguse mpaka fundi wa vifaa hivyo akifungue. Mtungi kodi. Na tafadhali, usimpelekee fundi pancha: kompresa yake hutoa baa 10 hivi za hewa yenye harufu ya oili, wakati mtungi unataka 200 za hewa safi.

Kuna zawadi moja ambayo mtu wa Kibondo huipata bila kulipa. Amelala kwenye hewa nyepesi miezi yote, hivyo mwili wake hushuka ziwani ukiwa na naitrojeni kidogo kuliko ya mwenyeji. Mgeni aliyetua kwa ndege kutoka Dar asubuhi na kuzamia mchana yuko kinyume: ameanza na deni. Kompyuta nzuri iliyowashwa mapema humhesabu kila mmoja kwa hali yake.

Zawadi hiyo hudaiwa wakati wa kurudi. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, hushauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya kuzamia mara moja, na 18 ukizamia mara kadhaa au siku mfululizo. Basi la Kasulu halina mabawa, ila mwili hausomi tiketi. Mimi ningelihesabu kama ndege. Ndiyo maana mzamiaji wa nyanda za juu hulala Kigoma. Atafute chumba Mwanga, aagize ugali na mgebuka, aache basi la jioni liondoke na wenye mizigo yao.

Baadhi ya saa hizi huchora alama ya vilima vidogo pembeni mwa kioo. Kilima kinachowaka na kuzima maana yake ni kimo usichoruhusiwa kukifikia bado. Mezani, kati ya sahani na kikombe cha chai, kitaendelea kuwaka na kuzima, na chini yake saa zilizobaki: 11, 10, 9.