KUANZA KAZI YA UBAHARIA KATIKA YOTI

Mhariri ameniomba niwaeleze wanafunzi jinsi mtu anavyoanza kazi ya baharia wa sitaha katika zile meli za anasa ziitwazo yoti. Naitika kwa furaha, maana nilipoondoka shuleni sikupata mtu wa kuniambia, nikapoteza fedha za baba yangu bure.

Msidhani kuwa kazi hii ni ya watu wa pwani peke yao. Mimi ni mtu wa bara, na maji niliyoyajua utotoni ni ya Ziwa Viktoria.

Jambo la kwanza si chuo, bali ni daktari. Nasema hivi kwa ajili ya rafiki yangu tuliyesoma naye katika Chuo cha Bahari, Dar es Salaam. Tulifundishwa kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa chombo, mafunzo ambayo kila baharia hutakiwa kuwa nayo kwa mapatano ya mataifa ya mwaka 1978, yaitwayo STCW, kama yalivyorekebishwa baadaye. Alinishinda katika kila mtihani. Kisha tukapimwa macho, ikaonekana hawezi kupambanua nyekundu na kijani. Basi usiku baharini taa nyekundu huonyesha ubavu wa kushoto wa chombo, na ya kijani ubavu wa kulia. Asiyezipambanua haruhusiwi kushika zamu ya usiku ya kuangalia mbele. Karo ilikuwa imekwisha kulipwa yote. Alilia, nami sikuwa na neno la kumwambia. Sasa ni mpishi melini, lakini alichokitaka ni sitaha.

Jambo la pili ni wakala. Yule wa kwangu alipokea fedha akaniahidi yoti, kisha sikumwona tena. Laiti ningalijua! Mapatano ya Kazi ya Mabaharia ya mwaka 2006, yaliyoanza kutumika mwaka 2013, yanakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Pasi, kitabu cha baharia na cheti cha daktari waweza kulipia mwenyewe. Visa ni juu ya mwenye meli.

Baadaye nilifanya kazi katika mashua za watalii Unguja, hata nahodha mmoja wa yoti akanipa mkataba. Nikaipanda Antibes, Ufaransa, mahali ambapo yoti kubwa hufungwa kwenye gati liitwalo na watu Gati la Mabilionea. Kila asubuhi niliwaona vijana wakipita na karatasi zao mkononi, wakiuliza kazi ya kutwa. Sisi wenye pasi za Afrika Mashariki njia hiyo ni nyembamba sana, maana visa ya utalii si ruhusa ya kazi. Afadhali mkataba upatikane kwanza.

Na kazi yenyewe? Ni kuosha! Chumvi huoshwa kwa maji baridi kila asubuhi, na kila tone hukaushwa kwa kitambaa laini cha ngozi kabla ya jua kuliacha doa. Sitaha ya mtiki husuguliwa kwa kukingama na nyuzi za mti, kwani ukizifuata brashi huchimba sehemu laini ya ubao. Mimi nilizifuata, na serahangi akanifokea mbele ya wote. Viatu havivaliwi. Baadaye utafundishwa kutupa kamba gatini, kuning'iniza dafrao ubavuni na kuwaendesha wageni katika mashua ndogo. Sheria inataka upumzike saa 10 katika kila saa 24. Wageni wakiwamo chomboni, utazihesabu. Mambo yao hayasimuliwi nje, ndiyo sababu hamwoni hapa jina la meli.

Manahodha wa Bahari ya Mediterania hutafuta watu mwezi wa Machi na Aprili. Atakayepimwa macho Desemba na kusoma Januari atakuwa tayari kwa wakati huo.