Je, Wajua? Mshipa wa Moyo Hutanuka Ukianza Kuugua

Je, wajua kwamba mshipa unaolisha moyo, mafuta yakianza kujijenga ukutani mwake, hauanzi kwa kuziba? Huanza kwa kutanuka. Tumezoea kuufananisha na bomba la maji lililoota kutu, na mfano huo umetupotosha sana, kwa kuwa bomba halina uhai. Mshipa unao.

Aliyelionyesha jambo hili waziwazi ni Seymour Glagov, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1987 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya mioyo 136 ya watu waliokwisha kufariki. Walipoukata mshipa mkuu wa kushoto na kuupima, waliona kwamba kadiri lehemu ilivyozidi ukutani, ndivyo mshipa mzima ulivyonenepa kwa nje, na njia ya damu ikabaki na upana uleule. Njia ilianza kupungua pale tu uchafu huo wa mafuta ulipokwisha kujaza kama asilimia 40 ya nafasi iliyomo ndani ya mshipa.

Mshipa hujuaje? Seli zilizoutandika kwa ndani huhisi msuguano wa damu. Njia ikibana kidogo, damu hupita kwa kasi, msuguano huongezeka, na seli hizo hutoa oksidi ya nitriki inayolegeza misuli ya ukuta. Hali ikidumu, ukuta wenyewe hujengwa upya kwa umbo pana zaidi. Mshipa wenye upana wa milimita 3 au 4 tu unafanya kazi hiyo yote, nasi hatuna habari!

Ndiyo maana kijana mwenye nguvu zake anaweza kuwa na ugonjwa huu bila dalili yoyote. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya uchunguzi wa maiti 300 za wanajeshi waliouawa Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na asilimia 77 walionyesha dalili za ugonjwa kwenye mishipa ya moyo.

Hata picha ya eksirei inayopigwa baada ya kuingiza dawa ya rangi mshipani huweza kudanganya. Rangi huonyesha njia ya damu tu, wala si ukuta. Kuuona ukuta kunahitaji vifaa vingine, kama mrija mwembamba wenye mawimbi ya sauti unaopitishwa ndani ya mshipa.

Linalonisumbua zaidi ni hili. Si mishipa yote hutanuka. Mingine husinyaa palepale penye uchafu. Mwenye mshipa uliosinyaa mara nyingi hubanwa kifua anapopanda kilima, akapumzika, akaenda hospitali. Uchafu wa mshipa uliotanuka, kwa upande wake, mara nyingi huwa laini, umejaa mafuta, na umefunikwa na ngozi nyembamba. Ngozi hiyo ikipasuka, damu huganda hapohapo, na njia iliyokuwa wazi asubuhi huweza kuzibwa na donge kwa dakika chache.